Mlango wa Mo Abudu

Nje kidogo ya mji wa Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, kuna mahali panapoitwa Tinapa. Serikali ya jimbo la Cross River, wakati wa gavana Donald Duke, ilipajenga kwa fedha nyingi na kupafungua mwaka 2007: maduka makubwa, hoteli, bustani ya michezo ya maji na studio ya filamu. Matumaini yalikuwa kwamba wafanyabiashara wa Afrika Magharibi wangeacha kupanda ndege kwenda Dubai, waje kununua bidhaa hapo bila ushuru. Hawakuja kama ilivyotarajiwa. Baada ya miaka michache Tinapa ilijulikana zaidi kwa ukimya wake.

Ni katika ukimya huo, tarehe 1 Julai 2013, ilipoanza kurushwa EbonyLife TV. Chaneli hiyo ilipita kwenye king'amuzi cha DStv na kuonekana katika nchi nyingi za Afrika. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka 48, Mosunmola Abudu, ambaye karibu kila mtu humwita Mo. Hakuwa amesomea filamu. Hakuwa mwigizaji mstaafu wala mke wa muongozaji. Kazi iliyomlea ilikuwa ya kutafuta wafanyakazi, kuwapima, kuwafunza, na kuandika mikataba yao.

Nimeifuatilia safari yake kwa miaka kadhaa sasa. Sizipendi filamu zake zote, na baadhi niliziacha katikati. Kinachonivuta ni mahali alipochagua kusimama. Tunapoeleza historia ya filamu za Afrika huwa tunawahesabu waigizaji, waongozaji na waandishi. Tunamjua aliyelia kwenye skrini. Hatumjui aliyelipa bili ya umeme. Abudu aliingia kwa mlango wa huyu wa pili, na maisha yake yote ya kazi yamekuwa ni kujifunza jambo moja ambalo sisi tunaopenda hadithi hulipuuza: hadithi ni yako pale tu unapokuwa na mlango wa kuitolea nje.

Nigeria ililijua jambo hilo mapema. Televisheni yake ya kwanza ilianza Ibadan tarehe 31 Oktoba 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na ilizaliwa kutokana na ugomvi. Mwaka 1953 gavana wa kikoloni aliwashutumu viongozi wa chama cha Obafemi Awolowo kupitia redio ya serikali. Awolowo akaomba nafasi ya kujibu kwenye redio hiyohiyo. Akanyimwa. Baada ya katiba kubadilishwa na majimbo kuruhusiwa kuwa na vituo vyao, serikali yake ya Jimbo la Magharibi ikajenga chake. Kabla ya kuwa burudani, televisheni ya Nigeria ilikuwa jibu la mtu aliyefungiwa mlango.

Mlango huo haukukaa wazi muda mrefu. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi iliviweka vituo vyote chini ya shirika moja la taifa, NTA. Tamthilia nzuri ziliendelea kutengenezwa, lakini mtayarishaji wa nje ya shirika alikuwa katika hali ya ajabu: badala ya kituo kumlipa kwa kazi yake, yeye ndiye aliyetakiwa kukilipa kituo. Alinunua muda wa hewani, kisha akazunguka kwenye kampuni za sabuni, vinywaji na benki kutafuta mdhamini wa kumrudishia gharama. Asipompata, tamthilia inakufa hata kama nchi nzima inaipenda.

Katika mazingira hayo walitokea wanawake wenye roho ngumu. Katikati ya miaka ya 1980 Lola Fani-Kayode alitengeneza Mirror in the Sun. Kuanzia mwaka 1991 Amaka Igwe aliiandika na kuitayarisha Checkmate, tamthilia iliyompa umaarufu mkubwa kijana mmoja anayeitwa Richard Mofe-Damijo. Mwaka 1992 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Serikali iliruhusu vituo binafsi vya utangazaji, na mfanyabiashara Kenneth Nnebue akatoa Living in Bondage, filamu ya Kiigbo iliyorekodiwa kwa kanda za video na kuuzwa sokoni kama bidhaa nyingine yoyote. Kumbi za sinema zilikuwa zinakufa kwa sababu ya uchumi mbovu na hofu ya kutembea usiku. Watu wakaketi nyumbani, na filamu zikawafuata sebuleni.

Igwe alihamia huko pia, akaongoza Rattlesnake na Violated. Lakini jambo lake ninaloliheshimu zaidi halikuwa filamu. Alianzisha BOBTV, soko la vipindi na filamu lililofanyika Abuja, mahali ambapo mtengenezaji na mnunuzi waliweza kukaa meza moja na kutajiana bei. Peace Anyiam-Osigwe naye alianzisha tuzo za AMAA mwaka 2005, ili filamu za Afrika zipimwe na Waafrika wenyewe. Igwe alifariki Aprili 2014 akiwa na miaka 51; Anyiam-Osigwe alifariki Januari 2023. Nawataja kwa sababu magazeti hupenda kumwandika Abudu kana kwamba alikuta pori tupu. Alikuta njia. Wanawake wenzake walikwisha kuifyeka kwa panga.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam miaka ya 2000 tulizipokea kazi za Wanijeria upande wa pili wa bomba. Tuliziona kwenye vibanda umiza na kwenye sidii za kukodi. Tuliwajua Genevieve Nnaji, Ramsey Nouah, na wale wawili wadogo wa umbo tuliowaita Aki na Ukwa. Tulijua hata kuiga lafudhi. Steven Kanumba alipofanya Dar 2 Lagos, tulijisikia kama tumealikwa rasmi kwenye nyumba ambayo tulikuwa tunachungulia dirishani. Hakuna aliyejiuliza ile shilingi mia tano ya kukodi sidii inakwenda kwa nani. Sehemu kubwa ya nakala zile zilikuwa za wizi, na senti yake haikurudi Lagos.

Abudu hakuwa na habari na vibanda vyetu. Alizaliwa London mwaka 1964. Akiwa na miaka saba alipelekwa Nigeria, akaishi na babu na bibi yake Ondo, kwenye nchi ya kakao. Baba yake alifariki Abudu akiwa na miaka 11. Baadaye alirudi Uingereza kusoma, akawa miongoni mwa Waafrika wachache shuleni. Amesimulia mara nyingi kwenye mahojiano maswali aliyokuwa akiulizwa na wenzake: nyumbani kwenu mnalala juu ya miti? Mnacheza ngoma kuzunguka moto? Mnakula nini?

Ukimuuliza mfanyabiashara kwa nini alianza biashara yake, mara nyingi atakupa hadithi iliyonyooka kupita kiasi. Hii nayo huenda imenyooshwa na miaka ya kusimuliwa. Lakini naiamini, kwa sababu inaeleza mambo mawili kwa pamoja: ubora wa alichojenga na kasoro yake. Mtoto yule alijua kwamba wenzake hawakuwa wabaya hasa. Walikuwa wameona picha. Mtu fulani, mahali fulani, aliamua kwamba picha hizo ndizo zitakazoonyeshwa.

Kabla ya kuijibu picha kwa picha, alifanya kazi nyingine kwa takriban miaka 20. Alianza na uwakala wa ajira nchini Uingereza mwaka 1987. Mwaka 1993 alirudi Nigeria, mwaka uleule ambao matokeo ya uchaguzi wa Juni yalifutwa na Sani Abacha akachukua madaraka mwezi Novemba. Wasomi wengi walikuwa wanatafuta viza za kuondoka. Yeye aliongoza idara ya rasilimali watu katika kampuni ya mafuta ya Esso, na mwaka 2000 akaanzisha kampuni yake, Vic Lawrence & Associates, ya kutafutia makampuni wafanyakazi na kuwafunza.

Nimewahi kusikia watu wakiizungumzia miaka hiyo kama chumba cha kusubiria, kana kwamba maisha yake halisi yalikuwa bado. Naona kinyume. Afisa rasilimali watu hukaa upande wa meza ambao msanii haujui. Anajua kwamba mshahara hupangwa kabla hujaingia kwenye usaili. Anajua kifungu kipi cha mkataba kinasomwa na kipi kinarukwa. Anajua kwamba taasisi huendelea baada ya mtu mwenye kipaji kuondoka, na kwamba mwenye kipaji asiye na taasisi huanza upya kila Jumatatu. Haya ndiyo yaliyowaangusha watayarishaji wengi wa kizazi cha kanda za video. Vipaji walikuwa navyo tele. Karatasi hawakuwa nazo.

Mwaka 2006, akiwa na zaidi ya miaka 40 na bila uzoefu wowote wa televisheni, alianza kipindi cha mahojiano, Moments with Mo, kilichoonyeshwa kupitia M-Net katika nchi nyingi za Afrika. Miongoni mwa aliowahoji ni Hillary Clinton. Vyombo vya habari vya nje vikampa jina la Oprah wa Afrika, na jina hilo likamfuata kila alikokwenda. Ni sifa yenye mwiba ndani: hata anapojibu swali la London, jibu lake linapewa jina la Chicago.

Kipindi kilikuwa chake lakini chaneli ilikuwa ya wengine. Ratiba ilikuwa ya wengine. Mtu akikupa saa moja ya hewani anaweza kuichukua. Miaka saba baadaye akawa na chaneli yake huko Tinapa, kwenye jengo ambalo serikali ilijenga kwa ndoto kubwa kuliko wateja. Kurasa za habari zilishangilia. Mimi hujiuliza zaidi juu ya yale yasiyoshangiliwa: saa 24 za kujaza kila siku. Chaneli ni tumbo. Haishibi. Ilibidi iwe na vipindi vya mazungumzo, mitindo, muziki na tamthilia; mwaka 2015 ikatoa hata toleo la Kiafrika la Desperate Housewives, lililotengenezwa kwa makubaliano na Disney.

Mwaka huohuo EbonyLife ilitoa filamu yake ya kwanza, Fifty, iliyoongozwa na Biyi Bandele na kuonyeshwa kwenye Tamasha la Filamu la London. Ni hadithi ya wanawake wanne wa Lagos wanaokaribia au kufikia miaka 50, wenye kazi, fedha, majeraha na hamu zao. Tasnia iliyozoea kumpa mwanamke wa umri huo nafasi ya mama mkwe mchawi ililazimika kutazama upya. Hapo naona faida ya mwenye mlango kuwa mwanamke wa umri huo mwenyewe: hakuhitaji kumshawishi mtu kwamba hadithi hiyo ipo.

Kisha ikaja The Wedding Party. Filamu hii ya Kemi Adetiba ilionyeshwa kwanza Toronto mwezi Septemba 2016, ikaingia kwenye kumbi za Nigeria Desemba hiyo, na kuvuna zaidi ya naira milioni 400. Hakuna filamu ya Nigeria iliyokuwa imefikia hapo. Ilishikilia rekodi hadi sehemu yake ya pili ilipoivunja mwaka uliofuata. Hadithi yenyewe ni nyepesi: bibi harusi Myoruba, bwana harusi Mwigbo, wazazi wasiopatana, wageni wasioalikwa, na mama anayecheza kana kwamba harusi ni yake. Mofe-Damijo, yule kijana wa Checkmate, sasa ni baba wa bwana harusi. Waigizaji wawili wakuu, Adesua Etomi na Banky W, walioana kweli mwaka 2017.

Watu walizungumza juu ya mavazi. Mimi napenda kuzungumza juu ya kampuni nne. Filamu hiyo ilitengenezwa na umoja ulioitwa ELFIKE, herufi za mwanzo za washirika wake: EbonyLife, FilmOne, Inkblot na Koga. FilmOne ni wasambazaji wenye uhusiano wa karibu na kumbi za Filmhouse. Yaani mtu wa kuipeleka filamu kwenye ukumbi alikuwa mmiliki mwenza tangu mwanzo. Kwa kawaida mtengenezaji hufika kwa msambazaji mikono nyuma, anaomba apewe tarehe nzuri ya Desemba. Safari hii mwenye tarehe alikuwa ndani ya nyumba. Kicheko cha watazamaji kilikuwa halali yao waigizaji, lakini zile naira milioni 400 zilipita kwenye bomba lililofungwa vizuri mapema.

Kuna lawama ambayo haikwepeki, nami naishiriki. Lagos ya EbonyLife kwa muda mrefu ilikuwa Lagos ya mageti, magari yanayong'aa na sebule zenye kioo kutoka sakafuni hadi darini. Mji wenye mamilioni ya watu wanaogombea daladala zao za njano, zile danfo, ulionekana kwa mbali kupitia dirisha lenye kiyoyozi. Tiketi ya sinema ndani ya jengo la kifahari si bei ya kila mtu. Hapa ndipo ninapomkumbuka mtoto aliyeulizwa kama kwao wanalala juu ya miti. Ukijibu swali hilo kwa kuonyesha jumba, umemjibu aliyeuliza. Lakini bado unamtazama yeye. Watu wa kwenu, ambao hawakuuliza na wanajua vizuri wanalala wapi, wanabaki wamesimama nyuma ya kamera.

Òlòtūré ilikuwa hatua nyingine. Filamu hiyo ya Kenneth Gyang, iliyoingia Netflix Oktoba 2020, inamfuata mwandishi wa habari anayejifanya kahaba ili afichue mtandao wa usafirishaji wa wasichana kwenda Ulaya. Hakuna harusi hapo. Mwisho wake haukupi pa kushika. Ilipata watazamaji wengi nje ya Nigeria, na ilileta pia mgogoro. Mwandishi Tobore Ovuorie, ambaye uchunguzi wake wa kujipenyeza kwenye biashara hiyo ulichapishwa na gazeti la Premium Times mwaka 2014, alidai hadharani kwamba filamu ilitokana na maisha na kazi yake bila ridhaa yake. EbonyLife ilikana madai hayo na kusema ilipata haki kutoka kwa gazeti.

Sina nafasi ya kuwa hakimu. Naona tu kwamba swali lililoiendesha safari nzima ya Abudu, la nani ana haki juu ya hadithi, safari hii liligonga kutokea upande wa pili. Yule msichana aliyesimuliwa na wengine alikuwa sasa ndiye mwenye kampuni, na mwanamke mwingine alikuwa nje anasema: hayo ni maisha yangu. Kwa mujibu wa karatasi, habari ya gazeti inaweza kuwa mali ya gazeti. Kwa mujibu wa mwili uliopita kwenye hatari, hesabu ni nyingine. Mtu yeyote anayeandika mambo ya kweli kwa ajili ya wasomaji, nami nikiwemo, anaishi katikati ya hesabu hizo mbili.

Mwezi Juni 2020 Netflix ilitangaza makubaliano na EbonyLife ya kutengeneza kazi kadhaa. Miongoni mwake zilitajwa riwaya ya Lola Shoneyin kuhusu wake wa Baba Segi na tamthilia ya Wole Soyinka kuhusu mpanda farasi wa mfalme, iliyochapishwa mwaka 1975. Hiyo ya pili ikawa Elesin Oba, filamu ya Kiyoruba iliyoongozwa na Biyi Bandele. Bandele alifariki Agosti 2022, wiki chache kabla ya filamu kuonyeshwa Toronto. Inahusu mji wa Oyo miaka ya 1940, afisa wa Kiingereza anayezuia desturi asiyoielewa, na maafa yanayofuata. Kwa hadithi ya namna hiyo kusikika kwa Kiyoruba sebuleni Nairobi, São Paulo na Mumbai kwa siku moja ni jambo ambalo Awolowo na mnara wake wa Ibadan wasingeweza kulifikiria.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Januari, ilitoka pia Chief Daddy 2, nayo ilipondwa mitandaoni na watazamaji wa Nigeria hadi ikawa kichekesho. Nimefurahi kwamba haya mawili yako kwenye mwaka mmoja. Yanatukumbusha kuwa mwenye kiwanda hutoa bidhaa nzuri na mbovu kwa mashine ileile, na kwamba watazamaji wa nyumbani, wale waliokuwa nyuma ya kamera, sasa wana simu na wana sauti.

Lakini Netflix ni mlango wa nani? Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na historia ya karibuni imewathibitisha. Januari 2024 Amazon Prime Video, iliyokuwa imeingia Nigeria kwa kishindo, ilisitisha uwekezaji wake katika kazi mpya za Afrika. Miradi iliyokuwa mezani ikabaki mezani. Mwaka 2025 MultiChoice, wenye DStv, ikawa chini ya kampuni ya Ufaransa, Canal+. Kila mlango Abudu alioupita una mlango mwingine nyuma yake, na ufunguo uko mbali zaidi: Calabar, kisha Johannesburg, kisha Paris na California. Wakati huohuo Funke Akindele, mwanamke mwingine mfanyabiashara wa filamu, alitoa A Tribe Called Judah Desemba 2023 kwenye kumbi za nyumbani na kuwa wa kwanza kuvuka naira bilioni moja. Mtazamaji aliyelipa mlangoni alimlipa karibu na nyumbani.

Nadhani Abudu alikwisha kuisoma hesabu hiyo, kwa sababu Desemba 2019 alifungua EbonyLife Place huko Victoria Island, Lagos: hoteli, migahawa na kumbi za sinema katika jengo moja. Miezi mitatu baadaye kumbi zilifungwa kwa sababu ya Uviko. Mfanyabiashara mwingine angeapa asijenge tena kitu cha saruji. Mwaka 2021 yeye alifungua chuo, EbonyLife Creative Academy, kwa ushirikiano na serikali ya jimbo la Lagos, kufundisha vijana uandishi, uongozaji, sauti, mwanga na uhariri bila ada. Ndiyo, ni afisa rasilimali watu yuleyule. Alipoona tasnia haina mafundi wa kutosha, alifanya alichofanya tangu mwaka 1987: alitafuta watu na kuwafunza.

Huku kwetu tunalijua vizuri tatizo hili, ingawa tulilipa jina jingine. Watengenezaji wa Bongo Movie wa enzi za DVD waliuza masta. Ulikwenda Kariakoo na filamu yako, ukapewa fedha mara moja, na kuanzia siku hiyo filamu ilikuwa ya msambazaji. Ikiuzwa nakala elfu moja au laki moja, kwako ni hadithi. Wapo waliokufa maarufu wakiwa hawana haki ya hata filamu moja yenye sura zao. Mwaka 2013, mwaka uleule wa EbonyLife, kundi la kampuni za Bakhresa, lililojulikana kwa unga na juisi, lilianzisha Azam TV. Tulishangaa muuza unga anataka nini kwenye televisheni. Hatukupaswa kushangaa. Anayejua kusambaza unga hadi kijiji cha mwisho anajua jambo ambalo wasanii wetu hawakufundishwa.

Tangu nianze kuisoma safari hii nimepata tabia mpya. Filamu ikiisha, wenzangu wanapowasha taa au kubadilisha chaneli, mimi huomba dakika mbili zaidi. Waigizaji nimekwisha kuwaona, na muongozaji jina lake lilitokea mwanzoni. Nasubiri yale maandishi madogo ya mwisho kabisa, yanayopita upesi kana kwamba yana aibu, yanayosema haki zote ni za nani. Nasoma jina, kisha nasoma mji. Mara nyingi ni mji wa mbali.